ZIWA MOJA, MAJINA MATATU

Mtu akisimama ufukoni Mbamba Bay, katika pembe ya kusini ya Tanzania, akatazama upande wa magharibi, ataona maji yametanda mbele yake kama bahari. Akimwuliza mvuvi wa hapo, "Hili ni ziwa gani?" atajibiwa, "Nyasa." Akipanda chombo akavuka hata Nkhata Bay ng'ambo ya pili, akauliza swali lile lile, atajibiwa, "Malawi." Na akishuka kusini kwa upande wa mashariki mpaka Metangula, katika nchi ya Msumbiji, atakuta limeandikwa "Niassa", kwa namna Wareno walivyozoea kuliandika jina lile la kwanza. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale, na upepo wa mwera uvumao kutoka kusini hupindua mitumbwi ya wote bila kuuliza mwenyewe ametoka nchi gani.

Ziwa lenyewe si dimbwi. Urefu wake wapata maili 360, yaani kilometa 580 hivi, na mahali palipo na upana mwingi zaidi ni kilometa 75. Kina chake chapita mita 700. Katika Afrika ni la tatu kwa ukubwa, baada ya Victoria na Tanganyika, na wataalamu wa viumbe wasema kwamba hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kama hili.

Huenda msomaji akasema kwamba jina ni jina tu, na kwamba mwenye njaa hali jina. Lakini mkulima yeyote aliyepata kugombea mpaka wa shamba anajua mambo yanavyokwenda. Shauri likifika mbele ya wazee, mara huulizwa: Kijito hiki kinaitwaje, na ni nani aliyekipa jina hilo? Mtu anayekiita kijito kwa jina la babu yake tayari amekwisha kuweka mguu mmoja ndani ya shamba. Ndivyo ilivyo kwa mataifa. Tanzania na Malawi zimebishana juu ya mpaka wa ziwa hili tangu mwaka 1967, na katika ubishi huo jina limekuwa kama hati ya shamba mkononi mwa kila upande.

JINA LILILOTOKANA NA SWALI

Mwezi wa Septemba mwaka 1859 Daktari David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, alifika kusini ya ziwa hili kwa kufuata Mto Shire. Waafrika waliokaa kando yake walikuwa wakilijua tangu zamani za zamani, na Mreno mmoja, Cândido José da Costa Cardoso, alidai kwamba yeye alikwisha kuliona mwaka 1846. Lakini aliyelitangaza kwa ulimwengu wa Wazungu ni Livingstone, na jina aliloliandika ni Nyasa.

Sasa, nyasa ni nini? Kwa lugha ya Wayao ni ziwa tu, yaani maji mengi yaliyokusanyika. Wachewa na Wamang'anja husema nyanja, na maana ni hiyo hiyo. Mgeni aliuliza maji yale yaitwaje, naye akaambiwa kwamba yaitwa maji makubwa, akaandika. Hivyo mtu asemapo "Ziwa Nyasa" asema kwa kweli "Ziwa Ziwa". Jambo hili halikutukia mara moja tu. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi wa Agosti 1858, Mwingereza Speke aliliona ziwa kubwa la kaskazini akalipa jina la malkia wake, na nyuma yake akaweka neno Nyanza, ambalo nalo ni ndugu wa nyanja na nyasa. Majina ya namna hii hayana mwenyewe. Kila mtu aishiye kando ya maji huyaita maji yake "maji", maana hana haja ya kuyatofautisha na mengine.

Hata hivyo jina hilo lilishika. Waingereza walipoishika nchi ya magharibi ya ziwa waliiita kwanza Himaya ya Afrika ya Kati ya Kiingereza, na mwaka 1907 wakaibadili ikawa Nyasaland, yaani Nchi ya Ziwa. Watu wakazoea, wakalitumia katika barua, katika stakabadhi za kodi na katika madaftari ya shule.

KALAMU YA MWAKA 1890

Mzizi wa ugomvi ni karatasi moja iliyotiwa sahihi tarehe 1 Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani. Wasomaji wa pwani huikumbuka karatasi hiyo kwa sababu ndiyo iliyoiweka Unguja chini ya ulinzi wa Waingereza, na Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland katika bahari yao ya kaskazini. Lakini ndani yake mlikuwa na mambo mengine mengi. Mpaka wa kusini wa nchi ya Wajerumani ulitajwa kwamba utafuata Mto Ruvuma, kisha utakwenda magharibi hata ukingo wa ziwa, na kutoka hapo utafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe.

Msomaji na ayatazame maneno hayo kwa uangalifu, kwa kuwa ndiyo yote. Mpaka haukupita katikati ya maji. Ulipita ufukoni. Kwa maneno ya mkataba, Mjerumani alipewa mchanga na Mwingereza akapewa maji yote.

Waingereza walikuwa na sababu zao. Wamisionari wa Kiskoti walikuwa na meli yao ziwani tangu mwaka 1875, na kampuni ya wafanya biashara wa Kiskoti ilikuwa na ghala lake Karonga. Hapo Karonga walikuwa wamepigana vita tangu mwaka 1887 na Mlozi, mfanya biashara wa pembe na watumwa aliyetoka pwani. Huko Nkhotakota nako alikuwako Jumbe, naye mtu wa asili ya pwani, ambaye majahazi yake yalivusha watumwa kwa njia ya kwenda Kilwa. Wareno walikuwa wakisukuma kutoka mashariki. Waingereza waliliona ziwa kuwa ndiyo barabara ya nchi ile, wakataka barabara nzima.

Wala hakuna aliyewauliza Wanyakyusa, Wakisi, Wamanda au Wanyasa waliokaa ufuko wa mashariki. Mwanamke wa Kikisi aliyeteremka asubuhi kuteka maji kwa chungu alichokifinyanga mwenyewe alikuwa, kwa mujibu wa karatasi ile, anavuka kwenda nchi ya kigeni, na akijitwika chungu chake akarudi nyumbani alikuwa anaingiza bidhaa kutoka ng'ambo. Huo ndio upungufu wa mpaka wa namna hii. Tena ufuko wenyewe hautulii. Kuanzia mwaka 1915 hata miaka ya 1930 maji ya ziwa yaliacha kutoka kwa njia ya Shire, ziwa likajaa likazidi kupanda. Mpaka uliofuata ufuko, kama ungefuatwa neno kwa neno, ungepanda pamoja na maji mpaka katika mashamba ya mpunga.

Mkataba ule ule ulikuwa na kifungu cha sita kilichosema kwamba mipaka yaweza kurekebishwa kwa mapatano ya pande mbili kwa kadiri ya mahitaji ya mahali. Tanzania hukitegemea sana kifungu hicho.

BANDARI YENYE SANAMU

Wajerumani nao walitia majina yao. Tukuyu waliiita Neu Langenburg. Manda waliiita Wiedhafen. Na bandari ndogo yenye jabali lililofanana na sanamu ya kale ya Misri, mwili wa simba na kichwa cha mtu, waliiita Sphinxhafen. Bandari hiyo yastahili kukumbukwa kwa kisa kimoja.

Ziwani mlikuwa na meli mbili za serikali: ya Waingereza, Gwendolen, na ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Manahodha wao walijuana sana, na walipokutana bandarini walikuwa wakinywa pamoja. Vita vya 1914 vilipotangazwa Ulaya, habari ilimfikia nahodha Mwingereza, Rhoades, lakini mwenzake Mjerumani hakuipata. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ilikwenda Sphinxhafen, ikaikuta meli ya Kijerumani imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani akatoka kwa hasira akitaka kujua rafiki yake amelewa au ana wazimu. Akaambiwa kwamba ni vita, akatekwa.

Leo hakuna awezaye kuagiza nauli ya kwenda Sphinxhafen. Bandari hiyo yaitwa Liuli, na jabali lingali pale. Majina ya Wajerumani yalifutika upesi kwa kuwa wenyewe waliondoka, na wenyeji hawakuwa wameacha kutumia majina yao ya asili walipokuwa peke yao. Ajabu ni kwamba milima mirefu iliyo juu ya Matema na Ludewa yangali yanaitwa na wengi Milima ya Livingstone, hata na watu wasiokubali kabisa kwamba Mwingereza alikuwa na haki ya kuandika ramani yao.

Baada ya vita ile Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, na hapo pande zote mbili zikawa na msimamizi mmoja. Mtu mwenye mashamba mawili yanayopakana hajali sana ua umesimama wapi. Ramani nyingine na taarifa nyingine za wakati huo zilionyesha mpaka katikati ya ziwa, na nyingine zikauonyesha ufukoni, na makarani waliozichora hawakudhani kwamba watu watakuja kuzifukua na kuzilinganisha mstari kwa mstari.

Upande wa Wareno jambo hili lilipatiwa dawa. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilipatana kwamba mpaka upite katikati ya maji. Visiwa vya Likoma na Chizumulu, ambavyo viko karibu sana na pwani ya Msumbiji, viliachwa katika mikono ya Nyasaland kwa sababu wamisionari wa Kianglikana, wa chama kile kile kilichojenga kanisa kuu la Unguja, walikuwa wamefanya makao yao Likoma na kujenga huko kanisa kubwa la mawe. Hata leo mtu wa Likoma ni raia wa Malawi, naye amezungukwa na maji ya Msumbiji pande zote. Kwa hiyo mstari wa katikati si jambo geni katika ziwa hili. Katika sehemu yake ya kusini mashariki umekubaliwa kwa miaka zaidi ya sabini.

DAKTARI BANDA NA RAMANI YA ZAMANI

Nyasaland ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964, na siku hiyo ikawa Malawi. Jina hili lilichaguliwa na Daktari Hastings Kamuzu Banda. Yasemekana kwamba aliliona katika ramani ya zamani ya Wafaransa, ambamo ziwa liliandikwa Maravi, naye akapendezwa nalo. Halikuwa neno la kubuni. Maravi lilikuwa jina la watu na wafalme wao waliotawala magharibi na kusini ya ziwa katika karne za kale, wenye wakuu kama Kalonga, Undi na Lundu, na Wachewa wa leo ni katika wazao wao. Wareno waliwafahamu, wakawaandika katika habari zao.

Nchi ikiisha kuitwa Malawi, ziwa nalo likaitwa Malawi. Sababu ya watu wa huko si ngumu kueleweka. Nyasa lilikuwa jina lililokaa katika kinywa cha mtawala muda wa miaka mingi. Nchi huru yataka kujiita yenyewe. Ndivyo ilivyofanya Kenya mwaka 1975, ilipoliacha jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki, na kuliita ziwa lile Turkana. Malawi ilibadili na mengineyo: Fort Johnston ikawa Mangochi, Port Herald ikawa Nsanje, na mwaka 1968 lugha ya Chinyanja ikaitwa Chichewa kwa amri ya serikali, ingawa ng'ambo ya mpaka, Zambia na Msumbiji, wasemaji wa lugha ile ile waliendelea kuiita Chinyanja. Hata hivyo mji mkubwa wa biashara uliendelea kuitwa Blantyre, kwa jina la kijiji cha Skotlandi alikozaliwa Livingstone.

Tofauti ya Turkana na Malawi ni moja. Maji ya Turkana karibu yote yamo ndani ya Kenya. Ziwa la kusini lina nchi tatu kando yake. Mtu akilipa ziwa jina la nchi yake, jirani atauliza: Je, na maji yote ni yako? Watanzania waliuliza hivyo, na kwa kuwa mkataba wa 1890 ulisema kweli kwamba maji yote ni ya upande wa pili, jina jipya likasikika kama kufuli iliyotiwa katika mlango uliokwisha kufungwa.

Haki yataka isemwe pia kwamba wakuu wa Tanganyika wenyewe, katika miaka ile ya kuupokea uhuru, walipata kukiri katika baraza lao la kutunga sheria kwamba kwa maneno ya mkataba hawakuwa na sehemu katika ziwa. Waliona ni uonevu, lakini walikiri. Tena mwezi wa Julai 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Cairo, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika azimio kwamba kila nchi iiheshimu mipaka aliyoikuta siku ya uhuru. Malawi haijapata kuacha kulikumbusha azimio hilo.

UGOMVI WATANGAZWA

Mwezi wa Januari 1967 Serikali ya Tanzania iliiandikia Serikali ya Malawi kwamba yauona mpaka kuwa unapita katikati ya ziwa. Daktari Banda akakataa katika bunge lake. Wakati huo nchi mbili hizi zilikuwa zimekwisha kuchukiana kwa mambo mengine. Mawaziri wa Malawi waliogombana na Banda mwaka 1964 walikuwa wamepata kimbilio Tanzania, na Banda kwa upande wake alikuwa amefanya urafiki na Wareno na Makaburu, jambo ambalo Dar es Salaam iliyowasaidia wapigania uhuru wa Msumbiji haikuweza kulivumilia.

Mwezi wa Septemba 1968 Daktari Banda alikwenda mbele zaidi. Alitangaza kwamba mipaka ya haki ya Malawi yafika maili 100 kaskazini ya Songwe, na kusini hata Zambezi, na magharibi hata Mto Luangwa, na mashariki hata Bahari ya Hindi. Hapo ndipo nguvu ya jina ilipoonekana waziwazi. Kama nchi ni Malawi, na Malawi ni Maravi, basi kila mahali ambapo jina la Maravi lilipata kuandikwa katika ramani ya zamani paweza kudaiwa. Mwalimu Nyerere aliyadharau madai hayo, na nchi zilizotajwa hazikutoa hata shibiri moja. Lakini watu wa ufukoni hawakuwa na nafasi ya kudharau. Wao ndio wenye mitumbwi, nao ndio wangekutana na mashua za doria usiku.

Wakati wa uadui huo makarani wa pande zote mbili walijifunza kuwa waangalifu. Barua iliyoandikwa "Ziwa Malawi" ikifika ofisi ya Tanzania ilikuwa ni kosa, na barua iliyoandikwa "Ziwa Nyasa" ikifika ofisi ya Malawi ilikuwa ni harufu ya ukoloni. Watoto wa shule nao walifundishwa kila mmoja lake, wakakua wakiamini kwamba wenzao ng'ambo wamekosea.

Ugomvi ulilala kwa muda mrefu, ukaamshwa na mafuta. Malawi ilipotoa ruhusa kwa kampuni ya kigeni kutafuta mafuta chini ya ziwa, Tanzania ilipinga, na katikati ya mwaka 2012 maneno yakawa makali mpaka watu wakanong'ona habari za vita. Rais Jakaya Kikwete na Rais Joyce Banda walikutana na kuzungumza, lakini wajumbe wao walishindwa kupatana. Shauri likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Bwana Joaquim Chissano wa Msumbiji, mtu mwenye kulijua ziwa hili kutoka upande wa tatu. Nao hawakupata kauli moja. Malawi hutaja Mahakama ya Dunia, Tanzania hupenda mazungumzo. Mwaka ule ule wa 2012 Tanzania iligawa Wilaya ya Mbinga, na sehemu ya ufukoni, yenye Mbamba Bay na Liuli, ikawa wilaya mpya. Jina lake ni Wilaya ya Nyasa.

KWINGINEKO DUNIANI

Msomaji asidhani kwamba ni Waafrika peke yao wenye mashindano haya. Bahari ambamo majahazi ya Oman yalitoka kwa pepo za kaskazi kuja Mombasa na Unguja yapakana na ghuba ambayo Wairani huiita Ghuba ya Uajemi, na Waarabu, tangu miaka ya 1960 hasa, huiita Ghuba ya Kiarabu. Mwaka 2010 Serikali ya Iran ilitishia kuzizuia ndege za mashirika yasiyotumia jina la Uajemi zisipite katika anga yake. Mwaka huo huo michezo ya mataifa ya Kiislamu iliyokuwa ifanyike Tehran ilivunjika kwa sababu ya jina hilo hilo lililotiwa katika medali. Wakimbiaji waliokuwa wamefanya mazoezi wakarudi kuvua viatu vyao.

Katika Atlantiki ya kusini viko visiwa ambavyo Waingereza huviita Falkland na Waargentina huviita Malvinas. Walivipigania kwa silaha mwaka 1982. Na jina la Malvinas, ambalo Waargentina hulishika kama urithi wao, asili yake ni Kifaransa, kutokana na mabaharia wa mji wa Saint-Malo. Hapo ni kama Nyasa na Malawi: jina moja lilitoka katika daftari ya Mskoti, na la pili lilipita katika ramani ya Mfaransa kabla halijarudi nyumbani.

Uganda na Zaire zilipata kufanya jambo la kuchekesha kidogo. Mwaka 1973 Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin Dada, na Ziwa Albert jina la Mobutu Sese Seko. Amin alipopinduliwa mwaka 1979 Ziwa Edward likarudi kuwa Edward. Samaki hawakuambiwa.

Umoja wa Mataifa umejaribu kuweka kanuni. Mkutano wake wa majina ya mahali uliofanyika Athens mwaka 1977 ulisema kwamba nchi zinazoshiriki ziwa, mlima au bahari zijitahidi kupatana jina moja, na zikishindwa, ramani za kimataifa ziyakubali majina ya kila mmoja. Ndiyo sababu katika vitabu vingi vya ramani msomaji huona yameandikwa majina mawili, moja likiwa ndani ya mabano. Hata mabano hayo yana fitina yake, kwa maana kila upande hutazama kwanza ni jina gani lililowekwa nje.

WATU WA UFUKONI

Wanaolitumia ziwa kila siku hawakungoja kanuni. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni watu wa asili moja na usemi mmoja, na Mto Songwe ulio baina yao huvukwa kwa arusi na kwa mazishi. Vyungu vya Wakisi huuzwa masoko ya mbali. Wangoni wako pande zote mbili. Msafiri akikaa nao hupata kusikia mtu akisema "Nyasa" mbele ya mgeni wa serikali, kisha akigeuka kwa jamaa yake hutumia neno la lugha yao, ambalo maana yake ni ziwa tu.

Wasiwasi walio nao si juu ya herufi. Mvuvi wa Tanzania anayekwenda mbali na ufuko hajui kwa hakika kama yumo katika maji ya kwao au ameingia kwa watu. Mtu wa Malawi naye aogopa kwamba mstari ukihamishwa katikati, sehemu za kuvulia alizozizoea tangu kwa baba yake zitakuwa za wengine. Mafuta, kama yapo, yatakuwa na kodi, na kodi itakwenda katika hazina moja au nyingine. Hakuna jina liwezalo kuyajibu hayo, na kila mara maofisa wakutanapo kuyajibu, nusu ya asubuhi huweza kupita kabla hawajakubaliana ajenda iandikwe kichwa gani.

Yuko samaki mmoja mkubwa mwenye magamba meupe ambaye huishi katika maji ya wazi, na mvua zikinyesha hupanda mito kwenda kuzaa. Huingia katika Ruhuhu upande wa Tanzania, na huingia katika mito ya Malawi vile vile, kisha hurudi ziwani pamoja na watoto wake. Mvuvi wa Manda akimpata humwita mbasa. Mwenzake wa Nkhata Bay humwita mpasa. Wote wawili humbanika juu ya moto wa kuni, na wote wawili husema kwamba siku hizi amekuwa haba.